Shajara ya Bosi: kidonge cha saa moja asubuhi

Juni, wiki ya mwisho

Kazini kila jioni najaza shajara ya saiti: hali ya hewa, mashine zilizokuwepo, mita zilizoshindiliwa, kilichokwama na sababu yake. Hakuna anayekushukuru kwa kuiandika mpaka siku mkandarasi na mshauri wakigombana. Hapo kila mtu anataka kuona uliandika nini tarehe fulani. Sasa nafungua ya pili, ya nyumbani. Inamhusu mwanangu wa miaka minane aliye darasa la tatu. Nyumbani tunamwita Bosi, na humu ataitwa hivyo hivyo. Mwezi ujao anaanza dawa ya ADHD, ile hali ya ubongo inayomfanya mtoto ashindwe kutulia, kusubiri na kukaza umakini.

Wazo la kuandika limetokana na daktari. Nilimuuliza dozi itakuwa ngapi, nikitegemea apige hesabu ya uzito kama wanavyofanya kwa dawa ya malaria. Akasema hii mizani peke yake haiwezi kuijibu. Wanaanza chini kabisa, wanapandisha kidogo kidogo, na wa kuwaonyesha pa kusimama ni mtu anayekaa na mtoto. "Mkija mkaniambia anaendelea vizuri tu, mtakuwa hamjaniambia kitu."

Tulikotoka nakupitia haraka, ili asije mtu akadhani tumekurupuka. Malalamiko yalianza chekechea: hakai, anadakia, anaanza kazi tano hamalizi hata moja, sweta linabaki shuleni, kesho yake daftari linabaki nyumbani. Mtaani aliitwa mtundu. Bakora zilishapita na hazikumfundisha kukaa, zilimfundisha kukwepa. Kliniki walitupa fomu ya Vanderbilt, yaani maswali kuhusu tabia za mtoto, nakala moja ya mzazi na nyingine ya mwalimu, kila mmoja ajaze bila kumwangalia mwenzake. Wanachotafuta ni dalili zilizodumu angalau miezi 6, zilizoanza kabla ya miaka 12, na zinazoonekana sehemu zaidi ya moja. Mtoto anayesumbua shuleni tu, au nyumbani tu, huenda ana jambo jingine. Fomu zetu zilifanana mno. Walimpima macho na masikio, wakauliza usingizi, degedege na hali ya nyumbani, hata kama mimi na mama yake tunagombana mbele yake. Mama yake alinikata jicho, nikajibu.

Dawa haikutolewa siku hiyo. Tulianza kwa kufundishwa sisi wazazi: agizo moja kwa wakati mmoja, umtazame machoni kabla ya kusema, umsifu papo hapo na kwa jambo mahususi, ratiba iwe ukutani na picha zake. Ilisaidia nyumbani. Darasani, ambako amebanwa kwenye dawati na wenzake wengi na Madam, mwalimu wake, ni mmoja, haikufika mbali. Ndipo tukafika kwenye kidonge.

Tatizo jingine ni hili. Hapa Dodoma ukitaja kliniki ya akili, mtu atataja Mirembe. Hospitali ile ipo tangu 1927 na imehudumia watu wa nchi nzima, lakini mjini jina lake ni utani wa kila siku. Ukivaa soksi zisizofanana utaulizwa umetoroka lini. Mama yake Bosi alinisimamisha chini ya mti nje ya kliniki akaniambia, "Baba Bosi, hili jambo likitoka humu ndani, mtoto ataliburuza mpaka anaoa." Tumekubaliana wajue wanne: sisi wawili, bibi yake, na Madam.

Julai 5. Vipimo vya mwanzo

Uzito kilo 23.0. Urefu sentimita 124. Presha 98/60. Mapigo ya moyo 84 kwa dakika.

Presha ilichukua muda. Kitambaa kilichokuwa mezani kilikuwa cha mtu mzima, kikauzunguka mkono wa Bosi na kubaki kinaning'inia. Muuguzi alipima, akatazama namba, akakivua. Alisema kikiwa kikubwa kuliko mkono kinaonyesha presha ya chini kuliko ilivyo, na kwa dawa hii hatutaki kudanganywa kwa sababu inaweza kupandisha presha na mapigo. Akaenda wodi ya watoto kuazima kitambaa kidogo. Namba iliyoandikwa hapo juu ni ya hicho kidogo.

Swali lililofuata lilikuwa la ukoo: kuna aliyekufa ghafla akiwa kijana, au mwenye ugonjwa wa moyo wa kuzaliwa? Nikampigia shangazi Mpwapwa, maana yeye ndiye daftari la marehemu wetu. Alianza na salamu za kila mtu, kisha akawataja mmoja mmoja: huyu nyoka, huyu pikipiki, yule uzee, yule alikunywa. Wa moyo hakumpata. Kwa upande wa mama yake pia hakuna. Daktari alimsikiliza Bosi kifuani akaridhika.

Kuna kitu alituagiza ambacho naona kila mzazi angepaswa kuagizwa: tuandike maudhi aliyonayo mtoto kabla ya dawa. Bosi anang'ata kucha. Anaumwa tumbo asubuhi za Jumatatu. Analala saa tatu na nusu kwa vita. Yasipoandikwa leo, mwezi ujao kidonge kitasingiziwa yote.

Julai 9. Dawa

Jina la kitaalamu ni methilifenideti, wengi wanaijua kwa jina la Ritalin. Maduka ya dawa niliyouliza hapa mjini hayakuwa nayo. Mfamasia mmoja mzee alinivuta pembeni akanieleza kwamba iko kwenye kundi la pili la Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971 unaodhibiti dawa zinazoathiri akili, kwa hiyo kuiagiza, kuitunza na kuiuza kuna makaratasi yake, na wenye maduka wengi hawaoni faida ya usumbufu huo. Nikapanda SGR kwenda Dar es Salaam. Tangu treni ile ianze 2024, safari ya namna hii unakwenda na kurudi siku moja, zamani ungeomba ruhusa kazini. Duka nililoelekezwa walibaki na cheti halisi cha daktari, wakaandika jina langu na namba ya kitambulisho. Vidonge vya mg 10, vinakatika katikati.

Boksi linakaa kwenye kabati lenye kufuli, na kila Jumapili navihesabu na kuandika.

Mama yangu, ambaye anaishi nasi na ndiye atakayekuwa anatoa kidonge cha mchana, aliliona kufuli akauliza swali ambalo nililitegemea: "Mnampa mjukuu wangu dawa za kulevya?"

Sikutaka kumjibu kwa mzaha. Nilimwambia nilichoelewa. Kwenye ubongo kuna kemikali zinazobeba ujumbe kutoka seli hadi seli, mojawapo ni dopamini. Dawa hii inazichelewesha kurudi zilikotoka, hivyo sehemu ya ubongo inayosema "subiri" na "maliza kwanza" inapata nguvu. Kwa dozi ndogo ya kumeza inaingia taratibu, mtoto halewi. Anayeisaga na kuivuta puani ni habari nyingine, na ndiyo sababu ya kufuli. Si ngeni: iliundwa 1944 na mkemia Leandro Panizzon wa kampuni ya Ciba kule Basel, Uswisi, na Ritalin likatokana na jina la mkewe, Marguerite, aliyeitwa Rita kwa kifupi.

Nikamwambia na upande wa pili, maana ukimficha atausikia kanisani. Shirika la Afya Duniani liliombwa liiweke kwenye orodha yake ya dawa muhimu, likakataa 2019 na tena 2021, kwa maelezo kwamba ushahidi wa faida ya muda mrefu haujatosha. Mwongozo wa shirika hilo hilo unairuhusu kwa mtoto wa miaka 6 na zaidi, chini ya mtaalamu, baada ya mafunzo ya wazazi kujaribiwa. Na utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa 1999, uliofuatilia watoto 579 kwa miezi 14, ulionyesha dawa inayosimamiwa vizuri inatuliza dalili kuliko mafunzo ya tabia peke yake, ila walipotazamwa tena mwaka wa tatu tofauti ile ilikuwa imepotea.

Akakaa kimya akiendelea kuchambua mlenda wake. "Kwa hiyo inamshika siku hiyo hiyo, haimjengi."

Nikasema ndiyo, na mimi ndivyo nilivyoelewa.

"Basi apewe. Lakini asipewe na tumbo tupu."

Julai 12, Jumamosi. mg 5

Tulianza Jumamosi kwa makusudi, ili niwepo. Nusu kidonge saa moja asubuhi baada ya uji. Kinaanza kufanya kazi ndani ya nusu saa hadi saa nzima na kinadumu saa tatu au nne hivi, kwa hiyo nilikaa ukumbini na kalamu kama msimamizi anayesubiri zege. Saa mbili, hakuna. Saa tatu, karuka kochi. Saa nne aliacha mpira, akanijia, akanitazama: "Baba, nina kitu usoni?"

Mapigo 88. Chakula cha mchana alikula chote. Hakuna cha kuripoti.

Julai 20

Juma zima la shule kwa mg 5 asubuhi, kisha kwa ruhusa ya daktari tumeongeza mg 5 za mchana. Mpango wa mchana ni rahisi kwetu kuliko kwa wengi: shule iko Nkuhungu karibu na nyumbani, watoto wa jirani wanarudi kula saa sita na nusu. Bibi anampa chakula, kisha kidonge, kisha anamsindikiza hadi getini. Wenzake hawaoni kitu. Baada ya saa nane mchana hapewi tena, hata kama amesahau, la sivyo usiku hapati usingizi. Na ukisahau cha asubuhi hufidii kwa kumpa viwili.

Madam tulimtengenezea kadi ndogo. Darasa lake ni kubwa mno kumwomba aandike insha, kwa hiyo kadi ina mistari mitatu: alikaa, alimaliza zoezi, aliwaacha wenzake wafanye kazi. Kila mstari anaweka alama 0, 1 au 2, asubuhi na mchana kando kando. Inamchukua nusu dakika. Juma hili kadi imejaa sifuri na moja. Mama yake anaona nafuu, mimi sioni. Nimeandika yote mawili.

Julai 28. mg 10 asubuhi, mg 5 mchana

Leo nina cha kuandika.

Nimelishika daftari la Hisabati. Ukurasa wa Juni: tarehe haipo, hesabu ya kwanza imefanywa, ya pili imeanzwa, ya tatu ni picha ya lori la mchanga lenye matairi mengi kuliko inavyohitajika, kisha karatasi mbili zimerukwa, kisha hesabu moja imeandikwa daftari likiwa limegeuzwa juu chini. Penseli imekandamizwa mpaka karatasi imetoboka. Ukurasa wa leo: tarehe, kichwa cha somo kimepigiwa mstari kwa rula, hesabu kumi zote zipo. Saba si sahihi. Lakini zipo, moja chini ya nyingine, na Madam amesahihisha kila moja kwa sababu safari hii kulikuwa na cha kusahihisha.

Zile saba nimezitazama mara mbili. Zote ni za kuzidisha, zote zinavunjikia kwenye jedwali la sita, la saba na la nane. Hayo yalifundishwa mwaka huu huu, akiwa dirishani. Kidonge kimemkalisha mbele ya kitu ambacho hajawahi kujifunza. Hakuna dozi ya jedwali la sita.

Kadi ya leo: mbili, mbili, moja. Mchana: moja, mbili, moja.

Nimemuuliza Bosi mwenyewe anaonaje. Alifikiri, jambo ambalo lenyewe ni geni. "Madam akiongea, namsikia mpaka mwisho."

Agosti 3. Chakula

Uzito kilo 22.3. Umeshuka. Tulionywa, dawa hii inakata hamu ya kula, lakini kuona mizani ni kitu kingine. Mama yake alitaka tuache. Daktari kwa simu alisema tusiache, tubadili ratiba ya chakula kwanza, tupime tena baada ya wiki mbili.

Ratiba imechukuliwa na bibi yake mzima mzima, na sina la kumfundisha. Kifungua kinywa kinakuja kabla ya kidonge: uji wa ulezi uliotiwa karanga za kusaga, na yai. Saa nne shuleni hali kitu, hata akipewa hela ya maandazi anarudi nayo, tumeacha kumlazimisha. Saa sita na nusu kidonge cha asubuhi kimeshaisha nguvu na njaa inajitokeza kidogo, anakula nusu sahani. Kisha chakula cha kweli ni usiku: ugali wa uwele na mlenda wa karanga, na kabla ya kulala kikombe kikubwa cha maziwa. Zamani kula baada ya saa mbili usiku kulikuwa marufuku hapa nyumbani. Marufuku hiyo imefutwa na mwenye kuiweka.

Maudhi mengine: kichwa kiliuma siku mbili za kwanza za mg 10, kimeacha. Usingizi saa nne kasoro, mbaya kidogo kuliko zamani. Kucha bado, kama ilivyoandikwa Julai 5.

Kuna na jambo la saa kumi jioni. Dozi ya mchana inapoisha, Bosi anakuwa mkorofi kuliko alivyokuwa hata kabla ya dawa, kwa muda kama wa nusu saa. Jana alilia kwa sababu kikombe kilikuwa cha kijani. Daktari anasema inatokea dawa inapotoka mwilini. Tunachofanya: hatumuulizi kitu, hatumtumi, anapewa kipande cha muhogo au ubuyu, anaachiwa akimbie.

Ndiyo maana tumehamisha kazi za nyumbani. Zilikuwa saa kumi na mbili jioni, mezani, kwa machozi ya watu wawili. Sasa ni saa tisa na nusu, mara tu akivua viatu, kabla dawa haijaisha. Dakika ishirini, imekwisha. Nikijumlisha saa ambazo kidonge kinamshika kwa siku ni kama saba. Mengine yote ni Bosi yule yule tunayemjua, na ile ratiba ya ukutani. Kazi yetu imekuwa kuamua kipi kinaingia ndani ya hizo saba, na kubwa nililoliongeza ni dakika kumi za jedwali la sita kila siku, kwa vizibo vya soda.

Agosti 8. Nane Nane

Viwanja vya Nzuguni, vumbi lake na upepo wake. Tulifika saa mbili, makusudi. Banda la nyuki Bosi alisimama mpaka maelezo yakaisha, akauliza malkia anajuaje kwamba yeye ndiye malkia. Mtoa maelezo akafurahi akamrudishia lote tangu mwanzo. Saa sita nilimpoteza kwa muda, nikamkuta juu ya trekta anamwelekeza dereva wa kufikirika. Tukarudi nyumbani. Zabibu tulinunua njiani, akala shada zima, nimeandika kwa furaha ya bibi yake.

Agosti 17. mg 10 na mg 10

Daktari alitaka kuona kama mchana unaweza kuwa sawa na asubuhi. Presha 102/64, mapigo 92, akasema yako ndani ya mipaka.

Kadi za Madam zina alama ya mbili tupu, asubuhi na mchana. Ukizitazama hizo peke yake utasema tumefika. Lakini Jumatano nilirudi nikamkuta Bosi ameketi ukingo wa kibaraza, mikono mapajani. Wenzake wanacheza mpira hatua chache tu, mpira ukamgonga mguu, akautazama. Hakuupiga. Nikamuuliza unaumwa, akasema hapana. Jioni alilia bila sababu ya kijani wala nyekundu. Usingizi saa tano. Mama yake alisimama mlangoni mwa chumba cha mtoto akasema kwa sauti ya chini, "Huyu ametulia, lakini si wangu."

Nimempigia daktari asubuhi yake. Hakubishana hata kidogo. Alisema mtoto akiwa kimya kupita kiasi, macho hayana habari, dozi imevuka, na kadi nzuri za shule haziondoi ukweli huo. Turudi mg 10 na mg 5.

Agosti 24

Mg 10 na mg 5. Mpira umevunja taa ya nje. Mama yake amefagia vioo huku anaimba.

Septemba, katikati

Mjomba amepata habari, sijui kwa nani, tulisema wanne. Ushauri umeanza kumiminika kwenye simu: tumkataze sukari, tumpeleke kwa mzee fulani Kondoa, tumwombee. Maombi tumepokea. Sukari imeshachunguzwa kwa majaribio ambayo hata mzazi hakujua mtoto amepewa sukari au kitu kingine kitamu, yakakusanywa pamoja 1995, na haikuonekana kubadili tabia ya watoto. Mjomba amejibu kwa picha ya mikono inayoomba.

Jambo zito ni lingine. Dawa imekatika. Duka la Dar es Salaam walisema mzigo umechelewa na hawajui siku. Daktari alitutuliza: inatoka mwilini siku ile ile, akikaa bila dawa kwa muda dalili zitarudi, basi, na ikipatikana tuendelee na dozi ile ile.

Madam hatukuwa tumemwambia. Yeye anajua Bosi anatumia dawa, ila dawa haipiti mkononi mwake, na kadi aliendelea kujaza kama kawaida. Baada ya kupata dawa ndipo nikazipanga kadi mezani kwa tarehe, nikachora mstari mwekundu siku ya kidonge cha mwisho na mwingine siku ya kidonge kilichofuata. Kabla ya mstari wa kwanza: mbili na moja. Katikati: sifuri, sifuri, moja, sifuri. Pembeni ya mojawapo Madam ameandika kwa mkono, "Kuna tatizo nyumbani?" Baada ya mstari wa pili: mbili, moja, mbili.

Kwangu huu ndio ushahidi mzito kuliko daftari na kuliko macho yangu. Mimi nilijua lini anameza, mama yake alijua, bibi alijua, na mtu anayejua huona anachotaka kuona. Madam hakujua. Nimezipiga picha zote nikampelekea daktari, na Madam tumemweleza. Alicheka, kisha akasema tumemfanyia mtihani bila kumpa ratiba.

Bosi naye ana maoni yake. Alipopewa kidonge cha kwanza baada ya pengo hilo alikishika akauliza, "Hiki kinaondoa utundu?" Nikamwambia utundu ni wake, hakuna anayeuondoa, hiki kinamsaidia kusubiri. Akasema, "Sasa kwa nini usiku hamnipi, Bibi ananiambia subiri usiku kuliko wote." Sikuwa na jibu zuri.

Oktoba, wiki ya pili

Uzito kilo 23.4. Urefu sentimita 125. Presha 100/62, mapigo 86. Daktari ameuchora mstari kwenye chati ya ukuaji akaonyesha uko sambamba na wa zamani. Ataendelea kuupima uzito kila miezi 3 na urefu kila miezi 6, kwa sababu dawa hii inaweza kupunguza kasi ya kukua kwa watoto wengine, na sentimita hazionekani kwa macho ya kila siku.

Usingizi umerudi saa tatu na nusu. Maudhi ya saa kumi jioni yapo, mafupi zaidi. Kucha bado zinang'atwa.

Jedwali la sita limeisha. La saba linakwenda hadi saba mara saba, baada ya hapo ni kubahatisha. Zoezi la juzi: kumi zilikuwepo, sita sahihi. Mwakani ni darasa la nne na upimaji wa kitaifa, kwa hiyo vizibo vya soda vitaendelea. Kusoma kwa sauti bado kuko nyuma sana, na Madam amependekeza asome na mtoto mkubwa wa jirani asubuhi za Jumamosi, saa mbili hadi saa tatu. Nimekubali papo hapo.

Kilichobaki mezani ni likizo ya Desemba. Daktari amesema watoto wengine hupumzishwa dawa shule zikifungwa, wale vizuri, wakue, na wazazi waone hali ikoje bila kidonge. Mimi nataka tupumzishe. Mama yake hataki, kwa sababu Krismasi tunakwenda Mpwapwa, kwa shangazi, nyumba ina visima viwili na mbuzi wengi, na anasema akiwa huko bila dawa atakayepumzika ni kila mtu isipokuwa yeye. Bibi anamuunga mkono mama yake kwenye visima na mimi kwenye chakula. Tuna miadi ya kliniki mwishoni mwa Novemba, tutaipeleka huko. Vidonge vilivyobaki vinafika hadi hapo, nimevihesabu leo, na cheti kipya kiko mfukoni kwa safari ya Dar es Salaam wiki ijayo.